Tumbo la Lornah na Madaktari wa Kaloleni

Mwaka wa themanini na nane, mtaa wetu wa Kaloleni hapa Kisumu ulijaliwa madaktari wengi kuliko hospitali yoyote ya mkoa. Hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo, lakini hilo halikumzuia mtu. Fundi wa baiskeli alikuwa daktari. Muuza makaa alikuwa daktari. Jirani yangu Beldina, ambaye aliwahi kulazwa mara moja kwa sababu ya jino, alikuwa daktari bingwa. Wote walikuwa na mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa huyo hakuwa anaumwa popote. Aliitwa Lornah Amolo, alikuwa na mimba, na kosa lake ni kwamba alikuwa bado anakimbia.

Mimi ni Rehma, mtaani wananiita Mama Yahya, fundi wa kushona. Cherehani yangu ilikuwa barazani, kwa hiyo mambo ya mtaa yalipita mbele ya macho yangu bila mimi kuyatafuta, ingawa mume wangu Obeid anadai nilikuwa nikiyatafuta vilevile. Lornah alikaa nyumba iliyopakana na yangu, yeye na mumewe Dalmas. Alikuwa binti wa Kano, upande wa Ahero, kule ambako mvua ikikolea maji huingia ndani bila hodi na watu hutoka mbio wakiwa na magodoro kichwani. Labda ndiko alikojifunzia. Alipofika mjini alipata kazi katika kiwanda cha nyavu, na haukupita muda kiwanda kikagundua kwamba huyu dada anayekagua mafundo ya nyavu anaweza kuwashinda mbio wanawake wote wa viwanda vya upande huu wa nchi. Wakampa fulana yenye jina la kiwanda, wakampa raba, na kila mwaka wakampa makofi mengi sana. Cheo kilibaki kilekile.

Asubuhi kabla ya kazi alikuwa akitoka, anapita Milimani kwa wakubwa, anateremka barabara ya Dunga mpaka karibu na ziwa, anarudi. Watu walikuwa wamemzoea. Hata walimjivunia, wakamwita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, na kumpungia mikono. Mpaka siku tumbo lilipoanza kuonekana chini ya fulana. Hapo ndipo mtaa mzima ulipopata digrii.

"Mtoto atajifunga kitovu shingoni," alisema muuza makaa.

"Atazaliwa na kichwa kirefu," alisema fundi wa baiskeli, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa na vichwa vya kutosha.

Beldina alikuja mpaka barazani kwangu, akakaa bila kukaribishwa. "Mama Yahya, wewe ni rafiki yake. Mwambie. Mtoto anatingishwa kule ndani kama maziwa ya kutoa siagi."

Beldina mwenyewe alipokuwa na mimba ya mwisho alibeba gunia la mahindi mgongoni mpaka kwenye mashine ya kusaga, na tulimsifu kwa bidii. Gunia halitingishi mtoto, inaonekana. Ni raba tu.

Nilikwenda na Lornah kliniki kwa sababu Dalmas alikuwa na shughuli. Shughuli yenyewe ilikuwa drafti kwa kinyozi. Kliniki ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na mkunga wake mkuu aliitwa Sista Nabalayo, mwanamke mrefu kutoka Bungoma mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Alimpima Lornah, akamsikiliza tumbo, kisha akamtazama miguu.

"Wewe ni mtu wa mbio?"

"Ndiyo, Sista. Tangu shule. Nimekuja kuuliza kama niache."

"Nani amekwambia uache?"

Lornah akacheka. "Labda uniulize nani hajaniambia."

Sista hakucheka. Alimuuliza kama amewahi kutokwa na damu, kama tumbo humuuma, kama ana ugonjwa wa moyo au wa kifua. Lornah alijibu hapana kila mara.

"Basi sina sababu ya kukufunga kamba," alisema Sista. "Mwili wako umezoea. Ungekuwa hujawahi kukimbia, ningekwambia usianze leo, tembea tu. Lakini sikiliza vizuri. Mbio za kushindana zimekwisha mpaka uzae na upone. Unakimbia polepole, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Jua likipanda uwe umesharudi. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Njia yenye mashimo iache, kwa sababu tumbo likikua mtu hupoteza mizani. Na ukisikia kizunguzungu, ukaona damu au maji, tumbo likakaza, au mtoto akaacha kucheza, unasimama palepale na unakuja hapa. Usipitie nyumbani kuuliza watu."

"Na nikiamka sina nguvu?"

"Unalala. Kuna mtu amekulazimisha?"

Mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini nilishindwa. "Na mtoto hatatingishika, Sista?"

"Mama, mtoto amekaa ndani ya maji, ametulia kuliko wewe."

Niliporudi niliwapa madaktari wa mtaa taarifa hiyo neno kwa neno. Walisikiliza kwa heshima, kisha wakasema Sista huyo ni Mluhya, hajui tumbo la Mjaluo.

Nikamshonea Lornah gauni fupi la kitambaa chepesi, pana kifuani na kiunoni, na suruali ya kuvaa chini yake yenye mpira mpana wa kubeba tumbo bila kulibana. Najisifu, lakini lilikuwa vazi zuri. Beldina alisema linafanana na hema.

Dalmas sasa. Dalmas Ogola hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani wa stoo kiwandani kulekule, mpole, nadhifu, na mchezo wake ulikuwa kuinua kizibo cha soda kutoka mraba mmoja na kukiweka mraba mwingine. Mazoezi hayo yalimtosha. Alimpenda mkewe, lakini aliwaogopa zaidi wanaume wa kwa kinyozi.

"Wananicheka," nilimsikia akisema jioni moja, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba. "Wananiuliza kwa nini mke wangu ananitoroka kila asubuhi."

"Waambie kila asubuhi narudi," akajibu Lornah.

Dalmas akafanya kile ambacho mwanamume aliyekosa jibu hufanya. Akamwita mama yake.

Mama Dalmas alishuka kutoka Seme, mbele kidogo ya Maseno, akiwa na kuku mmoja, mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani, na maoni. Kuku alichinjwa siku ileile. Omena ziliisha baada ya wiki. Maoni yalidumu mpaka mtoto akazaliwa. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, na Kiswahili chake alikiongea kama mtu anayepasua kuni.

"Huyu msichana akimbia nini?" aliniuliza. "Iko mtu anafukuza yeye?"

"Hakuna, Mama. Ni mazoezi."

"Mazoezi ni jembe."

Alitangaza kwamba mke wa mwanawe atapumzika. Hatatoka asubuhi. Hatavaa raba. Atakaa kitako kama mwanamke mwenye mimba. Kisha, akiwa bado hajamaliza kusema neno kupumzika, aliongeza kwamba maji ndani ya nyumba yamekwisha.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu maji. Kisumu imekaa mdomoni mwa ziwa ambalo ukisimama ufukweni huoni mwisho wake. Maji kila upande. Mwaka ule mifereji ya Kaloleni ilikuwa ikikohoa hewa tu, na wanawake walikuwa wakipanga foleni mbali, kwenye bomba moja lililokuwa na huruma. Basi Lornah, aliyekatazwa kukimbia akiwa mikono mitupu kwa sababu ya usalama wa mtoto, akawa anarudi na jerikeni iliyojaa kichwani na nyingine mkononi. Mtaa ulitazama ukaridhika. Muuza makaa alimwambia, "Sasa unafanya vizuri, Nyar Kano. Hivyo ndivyo mwanamke anavyojitunza."

Lornah alivumilia siku chache. Kisha akaanza tena kukimbia, kimyakimya, ila mbio hazikuwa mapumziko kwake tena. Alikwenda foleni kwanza, akaleta maji ya mama mkwe, ndipo akavaa gauni langu akatoka. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilimwambia, "Sista alisema nini kuhusu jua?" Akanijibu, "Mama Yahya, hiyo ndiyo nusu saa pekee ninayoipata bila mtu kunipa ushauri." Nikarudi kwenye cherehani yangu. Hata mimi nilikuwa natoa ushauri.

Ulikuwa msimu wa mvua za masika, mbu walikuwa wengi kama kumbikumbi. Asubuhi moja alipita mbele ya baraza langu, sikupenda rangi ya uso wake. Nilimwita. Alipunga mkono akaendelea. Nilikuwa nimeshona kola za mashati ya shule na kuanza mikono nilipoona baiskeli ya mchuuzi wa samaki inakuja kutoka upande wa Dunga. Nyuma, mahali pa kapu la samaki, alikuwa ameketi Lornah, ameshika kiti kwa mikono miwili, kichwa kimelala mgongoni mwa mchuuzi.

"Nimemkuta amekaa kwenye ukingo wa kalvati la mtaro," mchuuzi alisema. "Anatetemeka. Amesema nimlete kwa mama wa cherehani."

Madaktari walifika kabla sijamshusha. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Beldina alipiga makofi. "Si tulisema? Si tulisema?" Alikuwa na huzuni sana, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama Dalmas alitoka, akamtazama mkaza mwanawe. Alimshika paji la uso. Kisha akamwambia Dalmas, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, "Beba yeye." Dalmas akambeba. Nilisema hakuwa mtu wa mazoezi, lakini siku ile alimbeba mkewe kutoka mlangoni kwao mpaka kliniki bila kumweka chini, huku midomo yake ikisema maneno ambayo sikuyasikia.

Sista Nabalayo aliwafukuza wote waliotufuata isipokuwa mimi na Dalmas. Alichukua kile kipembe cha kusikilizia mtoto, akakiweka tumboni, akainama sikio. Akahamisha. Akainama tena. Lornah alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa gauni lake. Nilimwona akimtazama Sista usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Yupo," Sista akasema. "Anapiga vizuri."

Dalmas akakaa chini. Hakukuwa na kiti mahali alipokaa, lakini alikaa.

Walimtoa Lornah damu kidoleni. Majibu yalipokuja, Sista aliyasoma, akashusha miwani.

"Malaria. Na damu imepungua."

"Kwa hiyo si mbio?" Dalmas aliuliza kutoka sakafuni.

"Mbio zinaleta malaria wapi? Mbu ndiye aliyemwangusha. Ila wewe," akamgeukia Lornah, "uliamka ukijisikiaje?"

Lornah akasita. "Kichwa kiliuma. Na baridi kidogo."

"Na ukaenda kukimbia. Juani. Baada ya kubeba maji, naambiwa."

"Nilidhani itapita."

"Nilikupa orodha ya mambo ya kukusimamisha. Sikutaja homa kwa sababu nilidhani una akili." Aliongea kwa ukali, lakini mkono wake ulikuwa juu ya bega la Lornah. "Mwenye homa halafu akakimbia, mwili unachemka mara mbili, na mtoto anachemka ndani yake. Ungekaa pale kwenye kalvati mpaka mchana sijui tungekuwa tunaongea nini hapa. Mnalala ndani ya chandarua?"

Mume na mke wakatazamana.

"Mnafanya kazi wapi?" Sista akauliza.

Dalmas akajikohoza. "Kiwanda cha nyavu."

Sista aliandika dawa, akatukabidhi karatasi. Nyavu zilizoondoka mikononi mwa watu hawa zilikuwa zikikamata sangara wakubwa kuliko mtoto wa shule, kutoka Dunga mpaka kisiwa cha Mfangano, na nyumbani kwao mbu alikuwa anaingia bila kupunguza mwendo.

Zile dawa chungu za malaria zilimwasha Lornah mwili mzima, akajikuna kama mtu aliyelala juu ya upupu. Alilazwa siku chache, kisha akaambiwa akae nyumbani bila kukimbia mpaka damu irudi. Alitii. Alikula maini, mboga za osuga, na mayai ambayo mama mkwe aliyasimamia mpaka yakashuka kooni. Mimi nilishona chandarua, bila kulipwa, na nilihakikisha mtaa mzima unajua kwamba sikulipwa. Kuhusu maji, Sista alikuwa amemwambia Dalmas kitu mlangoni ambacho hakukirudia kwetu, lakini kesho yake mtaa uliona maajabu. Karani wa stoo, suruali imekunjwa mpaka magotini, yuko kwenye foleni ya maji katikati ya wanawake, na jerikeni mbili. Wanaume wa kwa kinyozi walisimamisha drafti ili kutazama. Nusu ya jerikeni ya kwanza ilimwagikia shati lake. Ya pili alifika nayo.

Mimba ilipofika mwezi wa sita na damu imerudi, Sista alimruhusu Lornah aanze tena, kutembea kwanza, kisha kukimbia kidogo, kisha kutembea. Mama Dalmas alipinga. Alienda mwenyewe kliniki kupinga. Wakafungiana ndani na Sista, sauti zao zikasikika mpaka barabarani, moja ya Bungoma na moja ya Seme. Alipotoka alikuwa amekunja uso, lakini alikuwa na uamuzi.

"Atakimbia," alimwambia mwanawe. "Lakini wewe nenda na yeye. Akianguka, shika."

Nililala mapema siku hiyo ili nisikose asubuhi. Dalmas alitoka akiwa amevaa kaptura iliyokuwa ya shule ya sekondari na viatu vya kanisani, kwa sababu hakuwa na vingine vya kufunga kamba. Lornah alitoka na gauni langu, tumbo mbele. Wakaanza taratibu, mwendo ambao kuku angewapita.

Waliporudi, Lornah alikuwa anaongea. Alikuwa anamsimulia kuhusu mafuriko ya Kano alipokuwa mdogo, jinsi walivyokaa juu ya paa la darasa, na alimaliza kila sentensi vizuri, na nukta yake. Dalmas alikuwa nyuma. Hakuwa anamaliza sentensi. Hakuwa ameanza hata moja. Uso wake ulikuwa na rangi ya ini, na mkono mmoja ulishika ubavu.

"Mwulize mumeo kama anaona damu au maji," nilimwambia Lornah.

"Mwache, Mama Yahya. Nimemwambia akae kwenye kalvati nikamwite mchuuzi wa samaki, amekataa."

Dalmas alikwenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Sitasema alikuwa mwanariadha. Lakini hakuacha, na baada ya wiki mbili alikuwa akirudi akiwa na uwezo wa kusema "ndiyo" na "hapana". Nadhani ndipo walipoanza kuongea kweli wale wawili, kule barabarani ambako hakuna ukuta mwembamba. Nilikosa mengi.

Kisha akaja Bwana Shitanda.

Bwana Shitanda alikuwa mwenyekiti wa michezo wa kiwanda. Tumbo lake na la Lornah wakati huo yalilingana, ila lake halikuwa na tarehe ya kutoka. Miezi yote ile alikuwa miongoni mwa waliosema, ofisini na kwa kinyozi, kwamba mwanamke mwenye mimba anayekimbia ni aibu kwa kiwanda na hatari kwa taifa. Jumamosi hiyo mchana alikuja nyumbani kwa kina Dalmas amebeba soda. Mimi nilikuwa ndani nikimpima Lornah, gauni lilikuwa limeanza kubana.

Alisifu nyumba. Alisifu chandarua. Kisha akasema mashindano ya viwanda yamefika, uwanja umeshalipiwa, na msichana aliyepangwa kukimbia raundi ya mwisho ya kupokezana vijiti ameteguka mguu. Timu ya kiwanda cha sukari inakuja na wasichana warefu kama miwa yao.

"Nyar Kano," alisema kwa sauti tamu, "ni raundi moja tu. Wewe mwenyewe umetufundisha kwamba mimba si ugonjwa."

Lornah alikaa kitini polepole. "Mwenyekiti, nina miezi saba."

"Lakini si unakimbia kila siku? Nimekuona kwa macho yangu. Na sasa hivi sayansi imethibitisha."

"Sayansi gani?"

Shitanda akamwangalia Dalmas apate msaada. Na Dalmas, naona aibu kusema, alijikuna shingo. Mshindi angepewa redio kubwa ya kaseti, na meneja mkuu angekuwepo. "Labda..." alisema Dalmas, "labda ukikimbia tu bila kujilazimisha..."

Lornah alimgeukia. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, na hakupaza sauti.

"Dalmas, umekimbia na mimi wiki ngapi? Umewahi kuniona nashindana na mtu? Nikimwona mwendesha baiskeli mbele yangu namwacha aende zake, na wewe unajua inavyoniuma. Pale uwanjani nikishika kile kijiti sitajua kupunguza. Najijua. Nitakimbia mpaka nione giza, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyokimbia mbele ya watu. Mtoto huyu hajasajiliwa kwenye timu yenu."

Dalmas alitazama chini. "Umesema kweli," alisema. "Nisamehe."

Shitanda hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Basi Mama," akamgeukia Mama Dalmas aliyekuwa pembeni akichambua mboga, "wewe ni mzazi, tusaidie. Ni heshima ya kiwanda."

Mama Dalmas aliweka mboga chini, akasimama, akajifuta mikono kwa leso yake. Alikuwa anamfikia Shitanda kifuani.

"Mimi nimekataza huyu msichana kukimbia pole pole," alisema. "Wewe unakuja nyumba yangu kwambia yeye akimbie haraka?"

"Mama, si..."

"Wewe ndio iko na tumbo kubwa na kazi hakuna. Kimbia wewe."

Akamfungulia mlango. Shitanda alitoka. Soda zake alizisahau, na tulizinywa kwa afya yake.

Siku ya mashindano tulikwenda kutazama, Lornah akiwa chini ya mwavuli na chupa ya maji, Dalmas akimpepea kwa gazeti. Raundi ya mwisho ilipewa dada mmoja wa idara ya rangi, Waliaula, aliyejitahidi kweli akamaliza wa tatu. Kijiti kilipobadilishwa mara ya mwisho Lornah alisimama bila kujua, akakunja ngumi, miguu yake ikakanyaga nyasi palepale alipokuwa. Kisha akakaa, akajifuta macho, akasema vumbi. Hapakuwa na vumbi, ilikuwa imenyesha. Jumatatu kiwanda kizima kilikuwa kimeshaamua nani aliyewapotezea redio: yule mwanamke mbinafsi aliyekataa kukimbia na mimba.

Wiki za mwisho hakukimbia tena, alitembea tu, kwa uamuzi wake mwenyewe. Alisema nyonga zinalegea na kwamba kila hatua mtoto anamkanyaga kibofu. Uchungu ulimwanza asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Dalmas alikimbilia barabarani kutafuta gari. Alikuwa amejipanga kwa tukio hilo miezi kadhaa, na alipolifikia alisahau kutuambia anakwenda upande gani. Tulingoja, tukachoka. Lornah akasema tutembee tu, si mbali. Mama Dalmas alimshika mkono mmoja na mimi mwingine, tukaenda, tukisimama kila tumbo lilipokaza, tukiendelea lilipoachia. Alikuwa akipumua kwa mdomo, kwa mpango, kama alivyokuwa akimaliza kilima cha Milimani.

Tulifika kwenye ngazi za kliniki, na hapo mtoto akaona ametembea vya kutosha. Lornah alishika nguzo ya veranda akasema, "Anakuja." Mama Dalmas akatandika leso yake sakafuni. Mimi nikapiga kelele ambayo wanasema ilisikika mpaka mtaa wa Nyalenda. Sista Nabalayo alitoka chumba cha mwisho mbio, kofia ikadondoka, na akamdaka yule mtoto kwa mikono yake miwili.

Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa sauti ya Seme. Kitovu hakikuwa shingoni na kichwa hakikuwa kirefu. Mama Dalmas alimpa jina la Aoko, jina la mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba, akamfunga, akamnong'oneza kitu, kisha akambusu Lornah kwenye paji la uso, jambo ambalo nilidhani halijui. Dalmas alifika baadaye kidogo na pikapu ya nyanya kutoka soko la Kibuye.

Madaktari walikuja kuona. Walimgeuza mtoto kila upande wakitafuta kasoro. Hawakuiona, kwa hiyo wakasema amezaliwa kwenye veranda kwa sababu ya haraka aliyofundishwa tumboni. Alipolala sana, walisema amechoshwa na mbio. Alipoamka, walisema hawezi kutulia.

Sista alimruhusu Lornah arudi barabarani baada ya kupona vizuri, kwa kutembea kwanza. Siku ileile nilipita kwa kinyozi kupeleka suruali niliyoitengeneza. Dalmas alikuwa amekaa katikati ya wanaume, drafti imewekwa pembeni, na wote wamemtegea masikio, Bwana Shitanda akiwemo.

"Mimba si ugonjwa," Dalmas alikuwa anafafanua, kidole juu. "Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu akimbie. Cha muhimu ni aweze kumaliza sentensi."

Niliinama nikatafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka, maana kicheko kilikuwa kimenifika puani. Lornah alitokea kona ya duka, amevaa raba, mtoto mkononi. Akampita Shitanda, akampita kinyozi, akamwekea Dalmas mtoto mapajani juu ya vizibo vya soda.

"Unakwenda wapi?" Dalmas akauliza.

"Dunga."

"Na akilia?"

"Mweleze," alisema Lornah. "Umalize sentensi." Akakaza kamba za raba, akaondoka.